Pistoni ya Kwanza Iko Upande wa Migomba

Mashine ya kusaga ya marehemu mume wangu ilinyamaza kabla udongo wa kaburi lake haujakauka vizuri. Mimi sina tabia ya kuzunguka. Aliyeinyamazisha ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu wa kufuatana naye. Namtaja mapema ili msomaji asipate tabu ya kumtafuta. Jina lake naliacha, kwa sababu mkewe ni mtu mwema na bado anasaga kwangu.

Banda letu liko Kagoma, kando ya barabara, na nyuma yake ni kibanja chetu cha migomba na kahawa. Injini ni ya lori la zamani, ya dizeli, pistoni nne. Mume wangu aliipata Kemondo kwenye lori lililochoka kubeba samaki, akaifunga juu ya zege kwa namna yake. Kinu kiko mlangoni, basi flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma linalovuta mkanda, akaliweka upande wa mlango, na uso wa injini, yaani upande wa rejeta, akauelekeza migombani ipate upepo. Kwa hiyo mteja akiingia anakutana na makalio ya injini. Mume wangu alikuwa akisema injini yake ina adabu, haiwakodolei wateja macho.

Sasa shemeji. Huyu aliwahi kuwa utingo wa lori la kahawa, na kwake yeye kukaa karibu na injini ni sawa na kuisomea. Matanga yalipoisha tu akaja na spana zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Shemeji, hii pampu ya dizeli inavuja. Naishusha, nabadilisha mpira, naipandisha. Ndizi zako hazijaiva jikoni, utasikia inanguruma."

Akaishusha bila kuweka alama popote. Akabadilisha mpira, akaipandisha. Akapiga stata, na injini ikazunguka ikitoa moshi mweupe kama mtu amechoma majani mabichi, ikakohoa, ikakataa. Akapiga tena. Ndizi zangu ziliiva, zikaliwa, vyombo vikaoshwa, na yeye bado alikuwa mle ndani anakohoa pamoja na injini. Wanawake waliokuja na mahindi wakabeba ndoo zao wakaenda kwenye mashine ya jirani, na jirani, nitamtaja na yeye, alianza kunisalimia kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Kitu kimoja hata mimi wa darasa la nne nilikuwa nakijua, maana mume wangu alipenda kuongea akiwa kazini. Pampu ya dizeli haipandishwi hivi hivi. Kwanza pistoni ya kwanza iwe imefika juu kabisa, imebana hewa, ndipo pampu ifungwe ikiwa tayari kuirushia mafuta. Hiyo ndiyo wanaita kutafuta topu. Ukikosea hapo, mafuta yanafika wakati mwenyewe hayuko. Nikamwuliza shemeji ameanzia wapi kuhesabu. Akanionyesha pistoni iliyo karibu na mlango.

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Umejuaje?"

"Shemeji, ukiingia nyumbani kwa mtu, chumba cha kwanza ni kipi?"

"Sebule."

"Sebule iko wapi?"

"Mlangoni."

"Sasa?"

Nilijua kuna kitu hakiko sawa, ila sikujua ni kipi.

Siku chache baadaye ukoo ukaitisha kikao nyumbani kwa mama mkwe. Zikatandikwa nyasi, ikapitishwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni, na wazee wakakaa. Mwenyekiti wa ukoo ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, mtu mwenye koti la suti hata kukiwa na jua la kupasua mawe. Shemeji akasimama akasema mashine imemfuata mwenyewe. Ndivyo alivyosema. Akasema kuna mnunuzi wa chuma chakavu Bukoba mjini, anaweza kuja na lori, na pesa ukoo ukagawana kabla kutu haijala kila kitu.

Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango na mabinti wangu wawili. Mashine ile ndiyo iliyokuwa inatulisha na kuwavalisha sare za shule. Bila ile ningebaki mjane wa kuonewa huruma, na mjane wa namna hiyo haamki asubuhi nyingi kabla hajaanza kuulizwa kwao ni wapi. Kwetu najua ni wapi. Ni kwa kaka yangu, na mke wa kaka yangu alishanipa salamu kwamba nyumba yao ni ndogo.

Nikaomba kusema. "Waitu, wazee wangu, mashine haijafa. Nadhani imehesabiwa vibaya. Shemeji ameanzia pistoni ambayo siyo ya kwanza."

Nilikosea kutumia neno hilo. Ukoo wetu hauwezi kusikia "wa kwanza" ukatulia. Wamegombana tangu enzi za babu kuhusu nani ni mrithi wa kwanza, nani wa pili, nani alikatiwa shamba la bondeni kwa kuonewa. Mzee mmoja akasema wa kwanza siku zote ni yule anayebaki na nyumba, kwa hiyo pistoni ya kwanza ni ya upande wa nyumba. Mwingine akasema hapana, upande wa migomba ndiko yaliko makaburi, na mkubwa hukaa na wazee wake. Yule wa shamba la bondeni akasimama akaanza kueleza habari za shamba la bondeni. Hakuna hata mmoja aliyesema tutoke tukaiangalie injini. Mwishoni baba mkubwa akafunga vifungo vya koti.

"Ya kwanza ni ya mlangoni. Kikao kimepitisha."

Sijui kama kuna ukoo mwingine katika Kagera yote uliowahi kukaa juu ya nyasi ukaamua jambo la pistoni. Ila wakatoa na neno jingine, na hili walilisema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa amepita tu kusalimia akaishia kwenye kahawa. Walisema Jumapili inayofuata, baada ya ibada, watakuja kuisikiliza mashine kwa masikio yao. Ikinguruma, ni yangu na wanangu, hakuna mtu wa kuigusa. Ikinyamaza, lori la chuma chakavu litaipakia siku hiyo hiyo.

Kesho yake nikaenda Bukoba, nikashuka nikachukua bodaboda mpaka Hamugembe. Kule kuna fundi aliyekuwa akiihudumia mashine tangu mume wangu yuko hai. Nikamkuta amelala chini ya pikapu katikati ya migomba ya watu, miguu nje. Huyu amesoma chuo cha ufundi, na katika mambo yote aliyojifunza hakuna alilolishika vizuri kama kukukumbusha kwamba amesoma. Nshomile kamili.

Nikamweleza yote. Miguu ikasikiliza.

"Kwenye puli ya mbele, lile gurudumu dogo la usoni, kuna alama," ikasema sauti kutoka chini. "Ile alama ikigusa mshale, ndiyo topu. Shemeji yako ameiangalia?"

"Ameiangalia. Anasema inagusa sawasawa."

Kisha akatoka chini ya gari, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kidole kimoja kimoja kama daktari.

"Ile puli si ya injini ile, mama. Ya kwenu ilipasuka, nikawawekea ya gari jingine. Alama yake haina maana yoyote."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia marehemu."

"Kwa hiyo shahidi wako ni marehemu."

"Ni shahidi mzuri," akasema, "hawezi kunikana."

Ndiyo huyo wa tatu wa kumtaja. Lakini nilimhitaji, na yeye alijua kuwa namhitaji, akasema Jumamosi ana harusi ya mpwa wake, atakuja Jumapili asubuhi. Nikamwambia Jumapili ndiyo siku yenyewe. Akasema basi tutakuwa tumewahi.

Jumapili wenzangu wakaenda kanisani, mimi nikabaki. Kwaya tuliisikia mpaka bandani. Lori la chuma chakavu lilikuwa limeshafika na kuegeshwa kando ya barabara, mnunuzi ameketi kwenye ngazi yake anachezea simu. Mama mkwe naye hakwenda ibadani kwa sababu ya magoti. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya banda, amempa mnunuzi akamwani atafune, maana kwake mgeni ni mgeni hata akija kubeba mali yako.

Fundi akafika na pikipiki, macho mekundu ya harusi. Akaingia moja kwa moja mpaka upande wa migomba, akafungua nozeli ya pistoni ya huko, ile inayopuliza dizeli, akaitoa kwenye tundu lake. Hapo hapo shemeji akatokea. Na yeye hakwenda kanisani. Alikuja kulinda uamuzi wa ukoo.

"Fundi, hiyo ni ya nne."

"Nani kasema?"

"Kikao."

"Kikao kilikuwa na spana?"

"Heshimu wazee, fundi."

"Nawaheshimu. Lakini injini huhesabiwa kuanzia usoni, kwenye rejeta. Ukiifunga imetazama mlango, ukiifunga imetazama makaburi, uso ni uso. Wewe mtu akikupa mgongo, pua yake inahamia kisogoni?"

Shemeji akatazama rejeta. Sikuona kama amekubali, nilimwona anatafuta jibu.

Alama ya puli ilikuwa mwongo, kwa hiyo topu ilibidi itafutwe kwa kuigusa pistoni yenyewe. Fundi alitaka kitu chembamba na kirefu cha kushusha kwenye tundu la nozeli mpaka kikae juu ya kichwa cha pistoni. Alikuwa na spoku ya baiskeli, ila imepinda, ikawa inakwama. Akaangaza huku na huku.

"Mae," nikamwita mama mkwe, "ile mirija yenu ya kunywea pombe ya lubisi iko wapi?"

"Iko palepale. Mnataka kuinywesha injini?"

"Tunataka kuipima."

Akamtuma binti yangu jikoni alete mirija, akauchagua mwenyewe mmoja uliokomaa na kunyooka. Akampa fundi. "Uurudishe salama. Huo umenywewa na watu wazima."

Fundi akaushusha taratibu ndani ya tundu, akauacha ukisimama huru, umeshikwa kwa vidole viwili tu. Mimi nikapewa spana ndefu nizungushe nati ya mbele ya krankshafti, ule mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, mgongo wangu ukiwa unagusa majani ya migomba yaliyoingia dirishani. Nikavuta. Injini nzima ikageuka kwa uzito, kama ng'ombe anayelazimishwa kuamka, na mrija ukaanza kupanda.

Sikutegemea. Nilikuwa nimesaga kwenye ile mashine miaka, nimeifuta, nimeitukana, na sikuwahi kuona kinachoendelea ndani. Sasa niliona kijiti kinapanda kama kuna mtu mle ndani anakisukuma kwa kidole.

"Polepole, mama. Unampandisha mzee ngazi."

Mrija ukapanda, ukapunguza mwendo, ukasimama. Nikaacha.

"Endelea."

"Umesimama."

"Umesimama, lakini wewe endelea."

Nikaendelea kuvuta, na mrija haukwenda popote. Nikavuta tena kidogo. Haukwenda. Kisha ukaanza kushuka.

"Hapo ndipo watu wanapodanganyika," akasema fundi. "Pistoni ikifika juu inapumzika kidogo. Krankshafti inageuka, yenyewe imetulia. Ukisema topu ni pale ilipoacha kupanda, umewahi. Ukisema ni pale inapoanza kushuka, umechelewa."

Akafunga uzi kwenye mrija. Akanirudisha nyuma vya kutosha, nikaanza tena kupandisha, na uzi ulipotokeza ukalingana na ukingo wa chuma, mrija ukiwa bado unapanda, akasema simama, akachora chaki kwenye puli. Nikaendelea mpaka mrija ukapanda, ukapumzika, ukashuka, uzi ukalingana na ukingo ule ule kwa mara nyingine. Simama. Chaki nyingine. Mama mkwe akachana uzi wa gome la mgomba, fundi akaupima kutoka chaki mpaka chaki, akaukunja katikati, akachora chaki ya tatu. Alama ya zamani ilikuwa mbali na pale, imejiweka pembeni kama mgeni asiyealikwa.

"Topu yenu ndiyo hiyo."

"Umemaliza?" akauliza shemeji.

"Bado. Ya kwanza na ya nne zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ila zikifika juu, moja imebana pumzi, nyingine inaitoa. Tunamtaka aliyebana."

Akatoa na nozeli ya pistoni ya mlangoni. Akasokota jani kavu la mgomba akaziba tundu la huku, akasokota jingine akamwambia shemeji azibe tundu la kule kwa mkono wake mwenyewe. Nikavuta. Chaki ilipokaribia mshale, jani la upande wa migomba likasukumwa likatoka, puh, kama mtoto anayetema uji. La mlangoni likabaki limekaa.

"Hapo juu ndipo pampu ifungwe," akasema fundi. "Wewe ulifunga kinyume. Ulikuwa unamlisha mtu anayepiga chafya."

Shemeji akaokota jani, akalirudisha kwenye tundu, akaniambia, "Zungusha tena." Nikazungusha mzunguko mmoja mpaka chaki ikarudi kwenye mshale kwa mara nyingine, na sasa jani la mlangoni ndilo lililotoka. Akaomba tena. Likatoka lile la migombani. Alisimama pale ameinama, mikono magotini, anatazama yale matundu kama mtu aliyemkuta ndugu yake katika mji wa mbali.

Na mimi nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona. Hakuwa ameiua mashine kwa makusudi. Tangu msiba nilikuwa nimemwandaa kuwa mwizi, nimemlalia na kumwamkia kama mwizi, na kumbe alikuwa hajui kuhesabu tu. Iliniuma. Mwizi unaweza kumchukia kwa raha. Lakini pia nisimpambe. Yule yule asiyejua kuhesabu ndiye aliyempigia simu mnunuzi wa chuma chakavu, na namba alizibonyeza vizuri.

Pampu ikafungwa upya. Tukatoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Wazee wakafika kutoka kanisani, baba mkubwa mbele na koti lake, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yao. Fundi akapiga stata. Kikasikika kitu kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Betri haikuwa na nguvu.

Kila mtu akamtazama shemeji.

"Niliiazima kidogo," akasema. "Kulikuwa na mpira kwenye televisheni."

Nilikaa chini. Baba mkubwa akakohoa akasema basi, imenyamaza, tumesikia. Mama mkwe ndiye aliyeinua mkono, siyo kwa wazee, kwa mnunuzi.

"Mwanangu, lori lako lina betri?"

"Mama, mimi nimekuja kuchukua maiti, sikuja kufufua."

"Nimekuuliza lina betri?"

"Linayo."

"Umetafuna kahawa yangu?"

Mnunuzi akatazama maganda mkononi. Akasimama, akawasha lori, akalirudisha nyuma mpaka mlangoni mwa banda, akatoa nyaya zake mwenyewe.

Fundi akapiga stata. Injini ikazunguka kwa kasi, ikakohoa moshi mweupe ule ule. Ikakohoa tena, moshi ukawa mweusi, halafu ikashika. Mabati ya paa yakaanza kutetemeka. Kuku wakakimbia, wazee wakarudi nyuma hatua, na yule wa shamba la bondeni akaziba masikio kwa vidole. Mabinti wangu walikuwa wanaruka. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini.

Baba mkubwa akasubiri fundi apunguze mafuta ili asikike. Akasema ni jambo jema. Akasema sasa mashine imeonekana kuwa nzima, na kitu kizima kina thamani kubwa kuliko chuma chakavu, kwa hiyo itafaa ukoo ukae tena, uangalie upya.

Huyu ndiye wa kumtaja mwisho, na ndiye mkubwa wao wote.

Mama mkwe alijiinua kwa fimbo, magoti yakilia, akaingia nyumbani kwake, na wazee wakabaki wanatazamana. Akatoka na ndoo ya mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu. Nilimjua, hayo mahindi hayagusi hata kukiwa na njaa. Akapita katikati yao, akaja kuiweka mbele yangu.

"Nisagie."

"Mae, haya ni ya mbegu."

"Nimekuuliza ni ya nini?" Akawageukia. "Mlisema ikinguruma ni yake. Mwenyekiti, walisema, hawakusema?"

"Walisema," akajibu mwenyekiti wa kitongoji. "Nilikuwepo."

"Sasa nani hapa ni kiziwi? Asiyekuja kusaga aondoke mlangoni, anazuia wateja."

Nikasimama. Nikaufunga mkanda, nikamimina mahindi ya mbegu kwenye kinu, na unga ukaanza kushuka wa moto. Baba mkubwa alibaki kidogo akijipangusa koti, kisha akaona barabarani wanawake wawili wameshasikia mlio wanakuja na ndoo zao kichwani, akawapisha njia. Mnunuzi akafungua nyaya zake, akamuaga mama mkwe, akaondoka na lori tupu.

Shemeji alikuwa amesimama kama mtu aliyesahaulika. Mama mkwe akamnyooshea mwanawe huyo fimbo.

"Wewe, shika mfuko."

Akaushika. Alishika vibaya, unga ukamwagika kwenye viatu vyake vya Jumapili, nikamwambia ausogeze karibu na mdomo wa kinu, akausogeza. Nyusi zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe kwa unga. Akanisogelea sikioni, akapiga kelele kushinda injini:

"Shemeji, hivi ile ya pili ni ipi?"

"Shika mfuko," nikamwambia.